Kilo Kumi na Tano za Marcelė

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Marcelė alipima mguu wake. Aliweka mizani sakafuni karibu na kitanda, pembeni yake akapanga kalenda nne nene za kanisa ili mguu mzima usimame sawasawa na ule mgonjwa. Kisha alishika fremu yake ya chuma kwa mikono miwili na kuuelemea mguu wa kushoto polepole, mpaka mshale ufike kumi na tano. Hapo anavuta pumzi kumi, anashuka. Daktari wa hospitali ya wilaya, aliyemtia chuma kwenye nyonga, alisema kilo kumi na tano zisizidi, kwa wiki sita. Na Marcelė alitii, yeye aliyebeba ndoo mbili za maji kwa mkupuo mpaka akiwa na miaka sabini na minane.

Kutii kungekuwa kazi nyepesi kama si Uršulė.

Uršulė alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake Zenonas, na nyumba zao zilitazamana, barabara tu katikati. Mwezi wa saba Uršulė alianguka kutoka juu ya mcheri, akavunjika nyonga. Marcelė alicheka mpaka akashika mbavu. "Kikongwe mzima anapanda miti kama paka!" Mungu si Athumani. Wiki tatu baadaye yeye naye akateleza kwenye ngazi za stoo ya chini, mtungi wa matango ya chumvi mikononi. Mtungi ulipona.

Ila Uršulė alikuwa amepelekwa hospitali ya jiji, kwa mwanawe. Kule walimsimamisha kesho yake tu asubuhi, wakamwambia, kanyaga mama, kanyaga mguu wote, maumivu yenyewe yatakuambia pa kuishia. Basi mwezi wa tisa unaingia, Uršulė anatembea na mkongojo mmoja, na Marcelė yuko dirishani na kalenda zake. Nyonga ya kushoto huyu, ya kushoto yule. Hilo ndilo lililomla Marcelė kama mchwa.

"Wifi!" Uršulė aliita barabarani asubuhi moja, kikapu mkononi. "Leo umepima kilo ngapi?"

"Kumi na tano."

"Zile zile za jana? Hata nguruwe wangu anaongezeka."

"Pita zako, wewe. Utaanguka tena na hakuna atakayekuokota."

"Nikianguka nitakuita uje mbio!"

Akaenda zake akicheka, mkongojo unagonga ko, ko, ko, kuelekea msituni.

Msitu ndio uliokuwa kidonda. Uyoga mkubwa wa kofia ya kahawia ulikuwa umeota, na katika kijiji kile mtu atakuazima ng'ombe, atakuazima hata mume akupasulie kuni, lakini mahali pake pa uyoga hakuonyeshi. Marcelė alikuwa na mahali pake, nyuma ya handaki la zamani, penye misonobari mitatu iliyoota shina moja. Alionyeshwa na mama yake akiwa na miaka tisa, akaapishwa mkono juu ya mkate. Mume alikufa hajapajua. Mwanawe Vidmantas, ambaye alikuwa akimpikia supu siku hizi, hapajui. Kila mkesha wa Krismasi uyoga wa Marcelė ndio uliosifiwa mezani, na Uršulė alikula kimya.

Sasa Uršulė alirudi kila siku na kikapu kilichofunikwa majani, kama ilivyo desturi, mtu asione. Lakini Marcelė alikuwa na macho. Siku ya tatu aliona kitu kimenasa kwenye mpira wa mkongojo wa wifi yake: vile vimea vyeupe, vikavu kama manyoya, vinavyoota juu ya mchanga. Upande ule wa msitu vimea hivyo viko mahali pamoja tu, nyuma ya handaki. Chai ilimshinda siku hiyo.

Alhamisi alikuja Jolita, mama wa mazoezi kutoka zahanati, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alimtazama Marcelė akipima, kisha akamtazama akienda jikoni.

"Bibi, juu ya mizani wewe ni malaika. Ukitembea unakanyaga thelathini."

"Mimi? Sijawahi!"

"Wote mnakanyaga. Mikono ya umri wako haiwezi kubeba mwili uliobaki. Ngoja nimuulize daktari, picha ya eksirei ya juzi naona nzuri."

Jumatatu jibu likaja kwa simu: mfupa umeshika vizuri, Bibi akanyage kadiri anavyoweza kuvumilia. Marcelė alipanda mizani, akauelemea mguu. Mshale ukapita kumi na tano, ukapita ishirini, ukatetemeka kwenye thelathini na sita. Uliuma. Alifurahi mpaka akaona haya.

Vidmantas alidhani mama ataanzia kanisani. Marcelė alichukua mkongojo mpya akavuka barabara.

Jikoni kwa Uršulė kulikuwa na nyuzi za uyoga kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya jiko la moto. Vipande vikubwa, vyeupe, safi. Marcelė alitundika mkongojo kwenye mgongo wa kiti, akaketi.

"Karibu wifi! Umeachiwa, eeh? Nikukatie keki?"

"Nani alikuonyesha?"

Uršulė hakuuliza nini. Alifuta kisu kwenye aproni. "Zenonas. Mwaka tuliooana."

"Muongo. Zenonas hakupajua."

"Mama yenu alimpeleka kabla yako, wifi. Alikuwa na miaka saba. Naye aliapishwa, juu ya mkate huo huo."

Jiko lilikuwa linanguruma. Marcelė alitazama mikono yake.

"Miaka hamsini na moja sikukanyaga pale," Uršulė alisema. "Nilikuachia. Mwaka huu nikaona uyoga utaoza tu. Nusu ni yako, nimeshaigawa, ile pale." Akaelekeza kisu kwenye nyuzi za upande wa dirisha, zile zenye vipande vikubwa zaidi.

Uršulė angeiba, Marcelė angejua la kusema. Tusi alikuwa nalo tayari tangu siku ya mkongojo. Lakini kuachiwa! Hamsini na moja! Na Mama, aliyembana mkono juu ya mkate akimnong'oneza, wewe peke yako, Marcelute, peke yako.

Alisimama. Uršulė akasema, "Wifi, chai basi." Alipita chini ya nyuzi bila kuinua kichwa, akashuka ngazi tatu za mlangoni, akavuka barabara akiuelemea mguu wa kushoto kwa kilo zake zote, wala hakusikia maumivu mpaka alipofika kitandani kwake.

Mkongojo ulibaki kwenye kiti cha Uršulė. Vidmantas ndiye aliyetumwa kuufuata, maana mama yake hakuvuka tena kizingiti kile.