Nimeombea Mukuyuni, Mvua Ikanyesha Patmo

Leo nimeomba mvua, ikanyesha mahali si petu!

Safari yetu ya kanisa leo ilivuka bahari hadi kile kisiwa kidogo cha Patmo, ambako Yohana alionyeshwa Ufunuo. Kwenda na kurudi hotelini kwa meli, siku moja.

Nikapanda mlima na haya magoti yangu. Nikafika kwenye pango lake, nikaomba kwa sauti kama tunavyoomba kwetu Mukuyuni:

"Baba, mahindi ya Mukuyuni inakauka!"

Mlinzi akaweka kidole kwa midomo yake, ati ninyamaze. Ninyamaze mbele ya Mungu? Nikamaliza.

Kutoka nje tu, mvua! Inamwagika!

Wazungu wanakimbia wakinung'unika. Mimi nikakinga chupa chini ya paa.

Pasta, anayeniita Susu, yaani nyanya, kama wajukuu wangu, akaona aibu. "Susu, wacha, tutanunua maji."

"Nunua wewe. Haya hayapotelei baharini mimi nikiangalia."

Jioni nimepigia mke wa kijana wangu simu.

"Mama, huku ni jua tu."

Nimechoka, jameni. Nyinyi wa kanisa mliobaki nyumbani, leo mliomba kweli, ama mliniachia mzigo wote peke yangu? Jibuni hapa kwa group.