Moto wa Mzazi katika Nyumba Mpya

Mimi ni mtu wa ndani. Arusi ikiwa mtaa wa pili, naomba niletewe sahani. Mdogo wangu alipojifungua, watu hawakuhangaika kutafuta wa kukaa naye chumbani. "Huyo huyo," walisema, "kukaa ndiyo kazi anayoiweza."

Nyumba yao ilikuwa mpya. Shemeji anawapikia vibarua wa mradi wa gesi kule Afungi, na mshahara wake umegeuka matofali ya saruji, dari, na madirisha ya vidro, vioo vyenye mpira pembeni, hata mbu hana pa kupita. Mvua ilikuwa haikatiki. Mama yetu akayafunga yote, akaweka seredani ya mkaa chini ya kitanda, mzazi apate joto kama tulivyozaliwa sisi. Wala hakuwa mzembe. Mkaa aliuwasha uani, akaupepea mpaka moshi ukaisha, ndipo akauingiza ukiwa mwekundu na kutupia udi. Tuliouogopa ni moshi.

Asubuhi kichwa kikaanza kunigonga. Nikamlaumu pweza wa jana. Mdogo wangu akasema chake ni maziwa yanaingia. Mama naye alikuwa ameshika paji la uso.

"Nyumba hii ina jicho," akasema. "Watu wameiangalia mno."

"Wangeangalia mabati, mama, sio vichwa vyetu."

"Cheka tu. Nenda kalete maji."

Kisimani kichwa kikapoa. Kurudi ndani, kikaanza upya. Nikatoka kufua nepi, nikapona. Hapo nilichanganyikiwa kweli. Maisha yangu yote kazi ndiyo inayoniuguza, leo inaniponya?

"Basi mana, dada yangu, endelea kufua," mdogo wangu akasema, ulimi mzito kama wa mlevi. "Tumekupatia dawa."

Nilicheka, kisha nikamwona mtoto. Titi lilikuwa mdomoni lakini hanyonyi. Nikamfinya unyayo, hakulia. Mama yake akainuka amtazame, akaanguka kando ya kitanda.

Malaria? Jicho? Pweza hakumla yeye. Sikuelewa lolote, ila nje kulikuwa na nafuu, hilo nililijua kwa kichwa changu mwenyewe. Nikambeba mtoto mpaka barazani, nikamwita mama amburute mzazi. Alimburuta, huku akinigombeza kwamba mzazi hatoki kabla ya arobaini.

Jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake. Mtoto na mama yake wakawekewa hewa ya chupa. Enfermera, muuguzi wa zamu, akauliza kama tunapika ndani.

"Hatupiki," mama akajibu. "Moto upo, lakini hauna moshi."

"Huo huo, mama. Mkaa mwekundu unatoa hewa mbaya, haionekani, hainuki. Chumbani inaua. Na msiseme mtafungua dirisha kidogo, haitoshi. Moto ukae nje."

"Nimezaa watano juu ya moto huo."

Mimi nikaikumbuka nyumba yetu ya zamani, ya udongo na makuti, ambayo kutoka kitandani ungemwona jirani akipiga mswaki. Huenda matundu ndiyo yaliyotuokoa. Huenda ni bahati tu. Mpaka leo sijui.

Mtoto alilia jioni, kilio chembamba cha hasira, na mama yetu akaketi sakafuni pale pale.

Tuliporudi nyumbani seredani ilibaki uani. Tulipasha mawe juu yake, tukayafunga kwa kanga, tukamwekea mzazi kiunoni. Madirisha yalikuwa wazi. Hata hivyo mama alisimama katikati ya chumba, akanusa.

"Wasikia harufu yoyote?"

Nikanusa na mimi. "Sisikii kitu."

"Hata mimi."

Tukatazamana, hatujui kama hiyo ni habari njema au mbaya. Akamfunga mjukuu wake kwa kanga mbili, akaenda kukaa naye barazani.