Mwendo wa Baba Kuteremka Nyasa

Enzi zetu, kutoka Mbinga kuteremka kwa wajomba Ngumbo kulikuwa safari ya siku mbili, na hakuna aliyeona ajabu. Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa kahawa yake. Kila likizo ya Juni alitupakia sisi watoto nyuma, juu ya magunia ya maharage, mama akikaa mbele na kikapu cha viazi vya kuchemsha.

Aliendesha polepole mno. Wenye baiskeli walitupita kwenye miteremko, wakicheka. Kabla ya mteremko mkubwa alisimama injini ipoe, nasi tukanywa maji ya kijito, baridi mpaka meno yakauma. Chini zaidi hewa ilibadilika, tukavua masweta, na harufu ya dagaa walioanikwa ikatufikia kabla hatujaliona ziwa. Kihagara tulilala kwa shangazi yetu aliyeolewa huko, tukashiba ugali wa muhogo na samaki. Njia nzima baba alisimama kusalimia. Tukinung'unika kwamba tunachelewa, alijibu, "Ukipita kwa watu bila salamu, siku ya msiba utamwita nani?"

Mwaka jana, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, baba alisema anataka kuliona ziwa tena. Nasema kuliona, ingawa macho yake yalikuwa yameshapoteza nuru. Binti yangu Neema alikuwa amekuja likizo na gari la kukodi, akaahidi kutupeleka. Watoto wa siku hizi huongozwa na sauti ya simu hata pale penye barabara moja tu. Lami imefika mpaka ziwani, na Neema akakanyaga mafuta.

"Tumefika wapi?" baba aliuliza.

"Tunaanza kuteremka, babu."

"Simama kidogo, injini ipoe."

"Hili halichemki, babu. Tukiwahi, utapumzika vizuri hotelini."

Baadaye baba akaniuliza mimi tumefika wapi, na nilipokuwa bado natafuta jina la kijiji, tulikuwa tumeshakipita. Tukaingia Mbamba Bay hata njaa ya mchana haijauma. Neema akamfungulia mlango, lakini baba hakushuka. Aliushikilia mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Hapa ni wapi?"

"Ziwani, babu. Sikiliza mawimbi."

"Haiwezekani," alisema taratibu. "Sijamsalimia mtu hata mmoja."

Neema akanitazama, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi yake alinikabidhi ufunguo bila kuambiwa. Tukashika njia ya Kihagara na Ngumbo, nikiendesha kwa mwendo ule wa baba, nikisimama kila penye watu. Vijana walikuja dirishani, wakasema, "Shikamoo, mzee." Baba aliitikia, akawauliza wao ni wa nani. Walitaja majina ya baba zao, naye hakumjua hata mmoja. Kihagara aliulizia majirani wa marehemu shangazi. Wote walikuwa wameshazikwa. Baada ya hapo hakuuliza tena tumefika wapi. Tulipoingia Ngumbo alikuwa amelala begani kwa Neema, na hatukuwa na moyo wa kumwamsha.

Baba alituacha kabla kahawa ya msimu ule haijaiva shambani.

Neema siku hizi huniambia nichague mwenyewe, twende haraka au taratibu. Enzi zile barabara ilikuwa mbovu, na kila kona ilikuwa na mtu wa kutuchelewesha. Sasa naweza kwenda mwendo wowote nitakao, na hakuna anayenisimamisha.