Mita Moja Pungufu

Kasian Ndunguru hakusoma, lakini hesabu ya njia ya kurukia ndege aliijua kama majina ya wanawe. Mita sitini ni upana wake, mstari mweupe hadi mstari mweupe. Saba na nusu ni bega la lami, nje ya mistari, huku na huku. Jumla sabini na tano. Bega likipungua, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili itatimua mchanga wa pembeni kwa injini zake za nje, na injini ikimeza mchanga ni balaa.

Mwaka huo, 2014, basi la kampuni lilikuwa likiwachukua yeye na wenzake kila alfajiri kambini Al Qusais, Dubai, kwenda kutengeneza mabega. Kasian alishika kichwa cha tepu. Mita ya kwanza ya tepu hiyo ilikatika zamani, kwa hiyo yeye hushikilia penye moja na kupaza sauti, "Moja iko kwangu!" Rama, mtu wa Tanga aliyekuwa upande wa pili, huongeza moja ndipo agonge kigingi.

Martina, mkewe, alifariki Machi. Likizo ilikataliwa, akazikwa bila yeye. Ndugu wakasema msalaba wa kaburini hautasimikwa mpaka mumewe aje. Clifford, msimamizi wao Mkenya, alimwahidi: bega likipita ukaguzi, Alhamisi anasafiri.

Jumatatu adhuhuri shemeji yake Pius alimpigia kutoka Mbinga. Padri amekubali kuja Jumamosi kubariki msalaba. Kasian akarudi kazini, mwili Dubai, roho Mbinga.

Jumatano, lami imeshapoa, akalivuka lile bega kwa miguu, mstari hadi ukingo. Siku zote ni hatua kumi. Zikaja nane na ushee. Akarudia. Nane na ushee. Hapo akakumbuka kwamba Jumatatu mchana hakupaza sauti.

"Mzee Kasi, umedondosha nini?" Rama akamtania.

"Mita moja."

Rama akaacha kucheka. "Nyamaza basi. Wakaguzi wanapima hapa na pale tu. Kesho wewe uko angani."

"Na ndege je?"

"Zina wenyewe, mzee wangu. Wewe una kaburi."

Kasian akageuka. Alikwenda kwa Clifford.

"Bosi, kile kipande cha Jumatatu hakitimii. Kosa langu. Sikuita."

Clifford akapima mwenyewe. Sita na nusu. Akaikunja tepu taratibu.

"Hii ni kukata lami na kumwaga upya, mzee. Siku nne, tano. Engineer hataachilia mtu hata mmoja."

"Najua."

"Na ulijua hivyo kabla hujaniambia?"

"Nilijua."

"Haya. Khalas, basi. Tiketi nitaisogeza."

Jioni akampigia Pius kumweleza.

"Tukungoje, shemeji?"

"Msingoje. Padri kule kwetu hapatikani mara mbili."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Msalabani andikeni Martina, mke wa Kasian. Basi."

Jumamosi, wakati msalaba ukisimikwa saa nne ya Mbinga, saa tano ya Dubai, Kasian alikuwa amepiga magoti pembeni mwa njia ya ndege, akifagia vumbi la lami iliyokatwa. Ufagio ukasimama. Clifford alimtazama kidogo, kisha akawaita wengine wakanywe maji, Kasian akamwacha palepale.