Belkona Mpya na Sauti ya Baba

Enzi zetu redio haikununuliwa kabla ya kubebwa. Mtu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaitingisha karibu na sikio, akairudisha mezani akiwa ameshaamua. Redio nyepesi iliitwa kopo. Redio ya Belkona haikuwa kopo. Ya kwetu pale Kigwa ilimpinda baba bega siku alipoishusha kwenye treni, na mimi niliyetaka kusaidia nikaishia kubeba boksi tupu.

Wenzangu mliokulia kando ya reli mnazikumbuka barua za kaseti. Baba alikuwa fundi wa reli Kaliua, mama hakujua kusoma, na wote wawili hawakutaka mambo yao yapitie kinywani mwa mtu mwingine. Basi baba alizungumza kwenye kaseti, akampa msafiri, na jioni sisi tulikaa mkekani kumsikiliza huku tukitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Betri tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi, na kaseti tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize.

"Msikohoe," mama alisema. "Baba yenu anaongea."

Siku moja mdogo wangu Kabula aliiamkia redio shikamoo, na baba, kama vile amemsikia, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Watoto wa leo wanatumiana sauti kwenye simu kutoka chumba hiki hadi kile, tena wanazisikiliza mbiombio, eti wana haraka. Haraka ya kwenda wapi, hawasemi.

Baba hatunaye sasa. Kaseti zake nyingi tuliziharibu wenyewe. Mbili nilizifuta mimi, nikarekodi muziki juu yake. Imebaki moja. Belkona nayo ilikufa nikiwa Mpanda, au labda Kigoma, maana miguu yangu haijawahi kutulia. Mwaka huu mama akaniambia kwenye simu, "Shija, nataka kumsikia mzee kabla masikio hayajaniishia."

Ndipo nikaiona dukani Tabora mjini. Jina lile lile, herufi zile zile za rangi ya fedha. Nikainyanyua. Mkono ukapaa wenyewe.

"Anko, unanunua redio au unanunua ng'ombe?" binti muuzaji akaniuliza.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Ndiyo za kisasa hizo. Ina bluutuu, ina flashi, taa zake zinacheza na muziki."

"Na kaseti?"

"Inapiga pia. Sema sijawahi kuona mtu akiiweka."

Hapo wasiwasi ukanizidi. Nikalikwaruza lile jina kwa ukucha. Halikubanduka, lakini sikuliamini. Siku hizi mtu anaweza kununua jina kama anavyonunua shati la mtumba, akalivaa bila kumjua aliyelishona. Nilinunua tu kwa sababu hapakuwa na nyingine yenye mlango wa kaseti.

Nilipoifikisha Kigwa, mama naye aliipima kwa mkono, akanitazama.

"Kopo," alisema.

Kaseti ya baba hakunipa. Alitoa ya kwaya, akataka ipigwe kwanza pande zote mbili. Nilikaa na kidole juu ya kitufe, tayari kuizima kabla haijatafuna utepe. Haikutafuna. Ila ile kwaya iliimba kama inakimbilia treni.

"Mota yake inakwenda mbio mno, mama. Nairudisha dukani."

"Imetafuna?"

"Haijatafuna, lakini..."

"Basi weka ya mzee."

Nikaiweka. "Mwangaluka, mama Shija," baba akaamkia. Lakini ile sauti nzito iliyokuwa ikitubana pumzi ilitoka nyembamba, ya kijana mwenye haraka. Nikaona nimeibiwa baba. Nikanyoosha mkono kuizima, mama akanichapa kofi la kiganjani.

"Acha! Ndivyo alivyoongea siku aliyokuja kwetu kuposa. Maneno yanamtoka mbio, mjomba wangu akamwambia, pumua kwanza, kijana!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Huyu wewe hukumjua."

Kweli, sikumjua. Ukiniuliza kama Belkona bado ni Belkona, nitakuambia hapana, na hilo sibadilishi. Ile ya zamani ilimleta baba nyumbani kama alivyo, na sisi watoto wote tukamsikia. Hii ya sasa imemleta kwa mtu mmoja tu, tena kwa makosa. Nimeondoka Kigwa tena, na kila siku naogopa ule utepe. Jioni nikimpigia mama kuulizia, nasikia nyuma yake kijana akiongea mbiombio, na mama ananiambia nipige baadaye, ana mgeni.