Maumivu Niliyoyaficha Kwenye Shamba la Pareto

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi huko Bahati, miaka ile ya hali ya hatari ya wakoloni, wakati hata kwenda mjini kulihitaji barua ya mwenye shamba. Nilikuwa mke mpya, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi sita. Tulikuwa tukichuma maua ya pareto. Ghafla nikashikwa na mtetemeko, meno yakagongana, kikapu kikaniponyoka na maua yakamwagika matopeni.

Ukweli ni kwamba ugonjwa haukuanza siku hiyo. Shambani hakukuwa na choo karibu, na nyapara alimfokea kila aliyetoka kwenye mstari. Basi nikajifunza ujanja wa kijinga: sikunywa maji tangu alfajiri, na mkojo niliubana mpaka jua lipinduke. Baada ya muda, kukojoa kukawa kama kupitisha pilipili. Nikanyamaza. Wanawake wa kambi yetu ya vibarua walikuwa na midomo; ungesema unaumwa huko, wangesema umeyataka mwenyewe kwa wanaume. Jirani mmoja akanipa mizizi ya kuchemsha, michungu kama nyongo. Nikanywa siku nne. Ule moto ukapungua kidogo, nikafurahi, kumbe maumivu yalikuwa yakipanda mgongoni, chini ya mbavu za kulia. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni uzito wa mimba.

Mama mkwe wangu, Tabitha, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeniinua matopeni. Alinigusa mgongo pale pale palipouma, nikapiga yowe.

"Hii kitu uko nayo tangu lini?"

"Wiki mbili, mama."

"Na mtoto anacheza?"

Niliangalia tumbo langu. Tangu jana yake sikuwa nimemsikia.

Uso wake ukabadilika. Hakupaza sauti. "Mficha uchi hazai," aliniambia. "Wewe unaogopa midomo ya watu kuliko kaburi?"

Alikwenda mwenyewe kuomba barua. Tulipanda lori la maziwa, nikalala mapajani mwake, na kila shimo la barabara lilinichoma ubavuni. Alininywesha maji kwa kikombe cha bati, nikatapika, akaninywesha tena. Mkono wake mwingine haukuondoka tumboni mwangu. Alikuwa akisikiliza kwa kiganja.

Hospitalini Nakuru walisema figo imeshikwa, wakaanza kunichoma sindano. Kitanda cha pili alilala msichana kutoka Keringet, naye mjamzito, naye alikuwa amekunywa mizizi nyumbani, ila yeye mwezi mzima. Tulikuwa tukiambiana majina tutakayowapa watoto. Siku ya tatu nilipoamka, godoro lake lilikuwa limekunjwa. Nesi alinitikisia kichwa tu. Nilijifunika shuka mpaka kichwani, nikashika tumbo, nikangoja.

Mtoto alicheza adhuhuri. Teke moja tu, dogo. Mama Tabitha alikuwa akinikorogea uji. Aliutazama uso wangu, akaweka kikombe chini, akalia.

Binti huyo alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata nikaogopa kumbeba. Alikua. Lakini mpaka leo, mtu wa nyumba hii akishika kiuno, moyo wangu unaruka.

Mwanangu, sikukatazi maji mengi, wala uji mwepesi, wala kitambaa cha moto mgongoni na kupumzika. Hayo yanasaidia, na mimi niliyafanya niliporudi nyumbani. Maji ya kunywa usiyakose, na mkojo usiubane kwa ajili ya nyapara yeyote. Lakini ukiona homa, mtetemeko, kutapika, au maumivu yamepanda ubavuni, hapo mambo ya nyumbani yamekwisha; nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na ukiwa na mimba usingoje hata hayo, nenda mkojo unapoanza tu kuchoma. Dawa utakayopewa uimalize, hata kama umepata nafuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo mwanadamu hawezi kuzijenga tena. Na aibu, mwanangu, aibu haijawahi kumponya mtu.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu, akupe mtu wa kukuuliza unaumwa wapi, na akufungue kinywa umjibu mapema.