Sayari Iliyojifunika Kupita Kiasi

Siku ile bado ninayo kichwani, mjukuu wangu Zaituni, na wewe ndiye uliyenikumbusha mchana huu. Mumeo akirudi na bodaboda mtakwenda zahanati, na huku tunamngoja utanisikiliza. Hilo blanketi usilirudishe. Mtoto ana homa, nami nimemkuta ndani ya blanketi, kanga mbili na kofia ya sufu, dirisha umelifunga, na bati linawaka! Eti anatetemeka. Kitukuu changu ananiungulia mikononi, wewe unatafuta soksi. Haya, mnyonyeshe, mimi niseme.

Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Ujiji, darasa moja na kaka yangu Yasini. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mpole, na Yasini ndiye aliyekuwa akiumaliza upole wake. Siku hiyo tulifundishwa sayari nne zilizo karibu na jua: Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi. Hizo ni za mawe, mtu angepata pa kukanyaga, si kama yale madude makubwa ya gesi yaliyo mbali. Mwalimu akauliza ipi ina joto zaidi. Yasini hata mkono hakunyoosha. Zebaki, akasema, maana ndiyo iliyokaa mlangoni kwa jua. Mwalimu akamweleza kwamba Zebaki haina hewa ya maana ya kujifunika. Mchana inaungua, usiku joto lote linaitoka, inabaki baridi ya kuua. Zuhura iko mbali zaidi, lakini imejigubika hewa nzito na mawingu, joto likiingia halipati pa kutokea, basi inaungua usiku na mchana. Yasini akabisha. Mawingu ni kivuli, akasema, na kivuli hakichomi. Akabisha hadi kengele ikalia. Mungu amrehemu, huyo alikuwa anabisha hata akisalimiwa.

Jumamosi yake Mama akaenda msibani Kidahwe. Mbalamwezi ilikuwa imekaribia, na unajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi ziwani, taa zao hazivuti dagaa. Kwa hiyo wale aliowaanika mchangani asubuhi ndio tungekula siku zote hizo. Alituagiza jambo dogo tu: mvua ikija tufunike, ikikatika tufunue. Manyunyu yakaja, tukafunika kwa turubai. Yakakatika, jua likatoka kali. Nikaenda kufunua, Yasini akanizuia, eti dagaa wako kivulini, niwaache wapumzike. Wapumzike! Dagaa! Nikagombana naye mpaka nikachoka, nikaenda kuosha vyombo.

Mama aliporudi jioni, harufu ilimpokea njiani. Akanyanyua turubai, mvuke ukampiga usoni, dagaa wote wamelainika, wameharibika. Hakumpiga mtu. Alikaa chini akashika tama. Mwalimu alikuwa anapita kwenda msikitini, akasimama, akatazama, akamwambia Yasini taratibu, "Leo umeikanyaga Zuhura, mwanangu. Hicho kivuli chako kilifungia joto ndani."

Mbalamwezi yote tulikula ugali kwa kisamvu kisicho na kitu. Nilikuwa na hasira na Yasini hata kumpa chumvi sikutaka.

Sasa usinielewe vibaya, maana nyinyi vijana mkiambiwa fungua mnabomoa ukuta. Sikwambii umlaze uchi kwenye upepo wa ziwani. Hiyo nayo ni Mirihi, hewa yake nyepesi mno, vumbi lake jekundu kama kutu, joto halikai, kila kitu kinaganda. Dunia yetu ina shuka jepesi, joto linaingia na lingine linatoka, ndiyo maana maji yapo na sisi tupo. Mwanangu, kabla hujafunika chochote, jiulize kwanza joto lake litatokea wapi. Na ukiambiwa funua, funua, usinipe hoja. Mtoto akichemka mvishe nguo nyepesi, fungua dirisha, mnyonyeshe, umpeleke kwa daktari mapema. Wale dagaa tuliwamwaga, na giza liliporudi ziwa likatupa wengine. Huyu, je, mwingine nitampata wapi?

Pikipiki hiyo inakuja. Nenda, na hiyo kanga moja inatosha. Mungu amponye mwanao, akujalie umwone akikua hadi akubishie, ndipo utanikumbuka. Blanketi niachie mimi hapa.